Kutoka Misioni Hadi Nyumba kwa Nyumba: Safari ya Imani Yetu Singida

Jumamosi moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, jumuiya yetu ilikusanyika nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja aliyekuwa na zamu ya kutupokea. Sebule yake ni ndogo, kwa hiyo tulikaa uani, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye mabenchi, na wazee wakapewa viti. Banda la kuku lilikuwa nyuma yetu. Kila mara msomaji alipofika mahali pazuri pa Injili, jogoo aliwika. Mmoja wa watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara alivumilia hadi mwisho wa masomo, kisha akanyoosha mkono. "Mama Mwenyekiti," alisema, "kwa nini tunasali hapa na kuku, na kanisa lipo pale juu?"

Tulicheka. Baadaye tulitazamana, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa na jibu kamili. Mmoja alisema ni agizo la Parokia. Mwingine alisema ni utaratibu wa Jimbo. Mzee mmoja alisema, "Ndivyo tulivyokuta." Mtoto alinyamaza kwa heshima, lakini ilionekana hakuridhika.

Makala hii ni jaribio letu la kumjibu. Tumejifunza kwamba swali lake haliwezi kujibiwa bila kurudi nyuma kwenye historia ya imani katika mkoa wetu. Na tulipoirudia historia hiyo, tuligundua kwamba hata sisi watu wazima tulikuwa tumesahau kwa nini tunakaa uani kwa jirani na Biblia mkononi.

Wakati Padre alipokuwa mbali

Habari Njema iliingia Tanzania Bara kupitia Bagamoyo mwaka 1868, walipofika Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka huohuo, huko Algeria, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Miaka 10 baadaye, mwaka 1878, msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo kwa miguu, ukapita katikati ya nchi hadi Tabora. Kutoka huko baadhi walielekea Ziwa Tanganyika na wengine Ziwa Viktoria. Ilichukua miaka mingi hadi watoto wa kiroho wa msafara huo walipogeuza uso kuelekea huku kwetu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa utawala wa Wajerumani, misioni ya Makiungu ilikuwa imeanza katika nchi ya Wanyaturu, na kutoka hapo imani ikaanza kutembea.

Tunapaswa kuelewa maisha ya wazee wetu wakati huo. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa upande wa Manyoni waliishi katika matembe, nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo, na ng'ombe walilala chini ya paa hilo au katikati ya boma. Walilima mtama na uwele. Samadi ya ng'ombe ndiyo iliyorutubisha shamba, kwa hiyo asiye na ng'ombe hakuwa na shamba la maana. Mtu mwenye busara hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Alimpa rafiki wawili, mwingine watatu, wawatunze na wanywe maziwa. Ugonjwa ukiingia katika boma moja, si wote waliokufa. Hapakuwa na karatasi wala sahihi. Kulikuwa na neno la mtu, na mtu aliyevunja neno lake alijulikana nchi nzima. Kumbe kabla ya kuletewa Injili, ujirani wa wazee wetu ulikuwa tayari umejengwa juu ya jambo moja kubwa: kuaminiana.

Wamisionari walikuja na utaratibu mkali wa mafundisho. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kwa haraka, bali apitie ukatekumeni wa miaka 4. Wazee walisema wanakwenda "kusoma", na aliyebatizwa aliitwa msomaji. Neno hilo lina utajiri, kwa sababu wengi walijifunza herufi kwa kupitia katekisimu. Lakini lina hatari pia. Lilitufanya tufikiri kwamba imani ni somo linalofundishwa misioni, lenye mtihani na cheti, na kwamba mtu akishafaulu, amemaliza.

Padre alikuwa mmoja na eneo lake kubwa mno. Kigango cha mbali kilimwona mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote Kanisa lilikuwa katekista. Yeye ndiye aliyefundisha sala, aliyeongoza ibada ya Jumapili, aliyebatiza watoto waliokuwa hatarini kufa, aliyezika. Alilipwa kidogo sana au hakulipwa kabisa, na alilima kama wengine. Majina ya makatekista hao hayamo katika vitabu vingi, lakini familia nyingi za Kikatoliki za Singida zikihesabu vizazi nyuma, zitafika kwa katekista fulani na kwa bibi fulani aliyekataa kuacha Rozari. Tunawashukuru. Bila wao, padre angefika na kukuta jengo tupu.

Hata hivyo tuseme ukweli. Katika utaratibu ule kulikuwa na maisha mawili. Kulikuwa na misioni, mahali pa sala, usafi na kengele. Na kulikuwa na boma, mahali pa mifugo, mahari, ugomvi wa mipaka, na hofu. Wengi walivua imani mlangoni kama mtu anavyovua viatu, wakaingia nyumbani bila hiyo.

Hofu ya jirani

Hofu hiyo haikuwa ndogo. Wazee wetu walikumbuka miaka ya mwishoni mwa 1940, wakati wilaya ya Singida ilipotikiswa na vifo vilivyosemwa kuwa ni vya simba. Watu walikutwa wameuawa mashambani na njiani, wana majeraha kama ya makucha. Baadaye ikasemwa kwamba hao hawakuwa simba wa porini bali simba-watu. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilichunguza, ikawakamata watu, ikawashitaki, na baadhi yao walihukumiwa kunyongwa. Habari hizo zilisambaa hadi nje ya nchi, na mpaka leo ukitaja Singida mbele ya wazee wa mikoa mingine, wapo watakaokuuliza juu ya simba-watu.

Hatutaji jambo hili ili kuchekesha au kutisha. Tunalitaja kwa sababu linatuonyesha jeraha. Fikiri maana ya kuishi katika kijiji ambamo hujui kama jirani yako ni jirani au ni simba. Usiku mtu akibisha hodi, hufungui. Mtoto akichelewa kurudi kutoka machungani, humshuku mnyama kwanza, unamshuku binadamu. Kuaminiana kule kwa wazee, kulikomwezesha mtu kumkabidhi rafiki ng'ombe wake bila karatasi, kulipigwa shoka.

Na tusidhani hofu hiyo imekufa. Katika mikoa yetu ya kati na ya magharibi wanawake wazee wameendelea kushukiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo ni zawadi ya miaka mingi ya kupikia kuni. Wanaowashuku wapo waliobatizwa. Wapo wanaopokea Komunyo. Ndiyo maana tunasema kwamba swali la imani katika maisha ya kila siku si pambo la mahubiri. Kwetu limekuwa swali la nani anaishi na nani anakufa.

Kulikuwa pia na mwanga. Mwaka 1954, miaka michache tu baada ya mauaji yale, Masista Wamisionari Matabibu wa Maria walianza huduma ya afya Makiungu. Shirika lao lilikuwa changa, limeanzishwa mwaka 1937 na Mama Mary Martin wa Ireland. Mwanamke aliyekuwa akijifungulia gizani kwa hofu alipata mahali pa kupokelewa bila kuulizwa dini wala kabila. Baadaye, mwaka 1989, Wamisionari wa Damu Azizi walifungua hospitali ya Mtakatifu Gaspari huko Itigi, upande wa Manyoni. Huduma hizo zilihubiri bila mimbari: kwamba mwili wa jirani yako ni mtakatifu, na anayeusafisha kidonda anamgusa Kristo.

Mwaka 1972 na yaliyofuata

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifanyika kuanzia 1962 hadi 1965. Hati yake kuhusu Kanisa, iliyotolewa mwaka 1964, ilitukumbusha kwamba sisi tuliobatizwa sote ni Taifa la Mungu, na kwamba familia ni kama kanisa la nyumbani, ambamo wazazi ni wahubiri wa kwanza wa watoto wao. Mwaka uliofuata hati nyingine ilieleza utume wa walei. Kwa watu waliozoea kufikiri kwamba Kanisa ni padre na misioni yake, maneno hayo yalikuwa makubwa. Lakini yalihitaji mahali pa kukanyaga.

Hapa kwetu mambo kadhaa yalikutana karibu kwa wakati mmoja. Tarehe 25 Machi 1972, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, Papa Paulo VI aliunda Jimbo la Singida kutokana na maeneo yaliyokuwa ya majimbo jirani ya Dodoma na Mbulu. Askofu wa kwanza alikuwa Bernard Mabula, aliyeliongoza Jimbo hadi mwaka 1999. Mwaka huohuo wa 1972 ilianzishwa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, na mama zetu wakapata sauti iliyopangwa. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba maisha ya Kanisa katika nchi zetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 walirudia uamuzi huo na kuufanya kipaumbele cha kichungaji. Waliona kwamba Kanisa haliwezi kuwa la watu mpaka liwe dogo kiasi cha watu kujuana kwa majina.

Wakati huohuo nchi nayo ilikuwa inahama. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika mkoani kwetu kwa nguvu. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na tembe lake na shamba lake lenye samadi ya miaka mingi, zilisombwa na kupangwa mistari. Wapo waliopata shule, zahanati na maji kwa mara ya kwanza. Wapo pia waliolia walipoona matembe yao yakibomolewa na mashamba yao mazuri yakibaki mbali.

Tafakari jambo hilo kwa macho ya imani. Ghafla mtu aliamka na kukuta jirani asiyemjua upande wa kulia, na mwingine wa kabila jingine upande wa kushoto. Hawakuwa na historia ya kukabidhiana ng'ombe. Hawakuwa na makaburi ya pamoja. Walikuwa na namba ya kiwanja. Serikali iliweza kusogeza nyumba, lakini haikuwa na gari la kusogeza mioyo.

Ni katika mazingira hayo jumuiya ndogo ndogo zilianza kuota. Wazo la watu wachache wa nyumba jirani kukutana halikuwa geni, kwa kuwa tangu miaka ya 1960 TANU ilikuwa imeunda mashina ya nyumba kumi kumi yenye mabalozi wake. Lakini balozi wa nyumba kumi aliita watu kwa ajili ya taarifa, usalama na maendeleo. Jumuiya iliwaita kwa ajili ya Neno la Mungu, na kwa ajili ya wao kwa wao. Majirani ambao hawakuchaguana walikaa kwenye mkeka mmoja na kusikiliza Injili ileile. Mnyiramba alimwombea mtoto wa Mnyaturu. Msukuma aliyehamia na mifugo yake alichimba kaburi la Mgogo. Hapo ndipo kanisa la misioni lilipoanza kuwa kanisa la uani.

Mwaka 1994 Maaskofu wa Afrika walikutana Roma katika Sinodi, na mwaka uliofuata, akiwa Yaoundé nchini Kameruni, Papa Yohane Paulo II alitia sahihi waraka wake juu ya Kanisa barani Afrika. Humo Kanisa linaelezwa kama Familia ya Mungu, na jumuiya hai zinatakiwa ziwe mahali ambapo upendo wa Kristo unavuka mipaka ya ukoo na kabila. Kwa watu wa Singida, wenye makabila mengi katika kata moja, maneno hayo hayakuwa nadharia. Yalikuwa yanaeleza kile ambacho mama zetu walikuwa wameshaanza kukifanya kwa miaka 20, wakiwa na sufuria za uji mkononi.

Jumuiya inafanya nini

Mgeni akitembelea jumuiya ataona mambo madogo. Ataona mwenyekiti, katibu na mhazini. Ataona Injili ya Jumapili ijayo ikisomwa, kila mmoja akitaja neno lililomgusa, kisha sala, kisha matangazo. Mwezi Mei na Oktoba ataona Rozari ikizunguka nyumba kwa nyumba. Wakati wa Kwaresima atatukuta na mada za Kampeni ya Kwaresima. Huenda akaona si kitu kikubwa.

Lakini uzito wa jumuiya hauonekani katika saa moja ya sala. Unaonekana mtu anapofiwa. Kabla ndugu wa mbali hawajapata taarifa, wanajumuiya wameshachota maji, wameshafagia ua, na mtu ameshakwenda kwa katekista. Unaonekana wakati wa kuvuna alizeti mama mmoja akiwa amelazwa, na shamba lake likavunwa bila yeye kuomba.

Unaonekana zaidi katika ugomvi. Tukio ambalo kila jumuiya ya wakulima na wafugaji inalifahamu ni hili: ng'ombe wa fulani wameingia usiku katika shamba la fulani. Asubuhi alizeti imelala chini. Mwenye shamba ana hasira, mwenye ng'ombe anasema mchungaji ni mtoto. Zamani jambo kama hilo lingezaa uadui wa miaka, au kesi ya kumaliza mbuzi wote wa pande mbili. Katika jumuiya yetu tumewahi kukaa na watu wawili wa namna hiyo kuanzia saa kumi jioni hadi usiku. Hatukuwa na hakimu. Tulikuwa na fundisho la Bwana katika Mathayo 5:23-24, kwamba anayekumbuka ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya altare, aende kwanza akapatane. Mzee mmoja aliwauliza wote wawili, "Jumapili mnakusudia kupokea Komunyo?" Wote walinyamaza. Mwenye ng'ombe alikubali kulipa magunia mawili baada ya mavuno. Mwenye shamba alipokea moja na kuacha la pili. Hakuna aliyemlazimisha kuacha.

Jumuiya pia imetufundisha kuhusu ndoa. Wengi wetu tuliishi miaka mingi bila Sakramenti ya Ndoa, tukisubiri mahari ikamilike au tukisubiri fedha za sherehe. Watoto walibatizwa, wakakua, na wazazi bado wakakaa benchi la nyuma wakati wa Komunyo. Katika jumuiya watu wa ndoa walianza kusema wazi: sherehe si Sakramenti. Ng'ombe wa mahari wana heshima yake, kwa sababu wanaunganisha koo mbili, lakini hawawezi kuzuia neema. Tumeshuhudia wazee wenye wajukuu wakifunga ndoa Jumamosi asubuhi, wamevaa nguo zao za kila Jumapili, na jumuiya ikapika wali na kuku wanne. Bibi harusi alikuwa na miaka zaidi ya 60. Alisema kilichomfurahisha zaidi ni kwamba Jumapili iliyofuata alisimama kwenye foleni ya Komunyo pamoja na mume wake.

Pale tulipokosea

Lakini tukiandika mazuri peke yake, tutakuwa tumeandika tangazo. Tunapaswa kukiri.

Katika jumuiya yetu kulikuwa na mama mmoja mjane. Kwa miezi kadhaa hakuonekana. Katika kitabu cha mahudhurio tulimwandikia kwamba hayupo, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko mzuri. Michango yake ya tegemeza na ya ujenzi ilikuwa nyuma. Siku moja binti yake alikuja kuomba barua ya jumuiya ili mtoto wake abatizwe. Tulimwambia kwanza mama yake amalize deni. Binti aliondoka bila neno.

Baada ya wiki mbili mmoja wetu alipita karibu na nyumba ile, akaingia kusalimia. Alimkuta mama amekaa kitandani, miguu imevimba. Alikuwa hawezi kutembea hadi barabarani. Kuku aliokuwa nao aliwauza ili kumnunulia mjukuu sare za shule. Mwenzetu alimwuliza kwa nini hakutuma mtu kutuambia. Yule mama alijibu kwa upole, "Ninyi mkija, mnakuja na kitabu cha stakabadhi. Sijawahi kuwaona mkija na uji."

Maneno hayo yaliletwa katika kikao cha Jumamosi, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyesema kitu. Tulikuwa tumesoma Injili ya Msamaria Mwema pale pale uani, wengine mara 20 au zaidi. Tulikuwa tumemwona mtu amelala njiani, tukamwandikia kwamba hayupo.

Tulikwenda wote kumwomba msamaha. Tulikubaliana tangu siku hiyo kwamba anayemtembelea mgonjwa au aliyetoweka haendi na kitabu cha michango. Mtoto alibatizwa. Vijana walikamilisha palizi ya shamba la mama yule. Naye hakurudi mara moja. Ilichukua kama miezi miwili. Siku aliyorudi alikaa mlangoni, si ndani, kana kwamba anataka kuhakikisha kwanza kwamba tumebadilika. Tulimwacha akae alipotaka.

Tunaamini jumuiya yetu si ya pekee katika kosa hili. Michango ni ya lazima. Kanisa letu halitegemei tena wafadhili wa ng'ambo kama zamani, na kulitegemeza ni wajibu wetu. Lakini jumuiya ikigeuka kuwa ofisi ya kukusanya fedha na kutoa barua, tumerudi kulekule kwenye maisha mawili ya enzi za misioni: dini upande mmoja, boma upande mwingine. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna umbali wa kilomita wa kusingizia. Mjane alikuwa nyumba ya tano.

Kosa jingine ni la wanaume. Uani wetu umejaa akina mama na watoto. Baba anasema yuko shambani, yuko mnadani, atakuja msiba ukitokea. Kisha tunashangaa vijana wa kiume wanapoacha Kanisa baada ya Kipaimara. Wamejifunza kwa kutazama. Mzazi ni mhubiri wa kwanza hata anapokaa kimya, na hata anapokuwa hayupo.

Urithi tuliokabidhiwa

Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania Bara liliadhimisha miaka 150 ya Uinjilishaji, na mwaka 2022 Jimbo letu lilitimiza miaka 50. Baada ya Askofu Mabula tulichungwa na Askofu Desiderius Rwoma hadi mwaka 2013 alipohamishiwa Bukoba, na tangu mwaka 2015 tunaye Askofu Edward Mapunda. Vizazi vimebadilika. Matembe ni machache, nyumba nyingi zina paa la bati, na barabara za lami zimeleta wageni, biashara na vishawishi vipya. Padre hayuko mbali kama zamani. Swali ni kama sisi tuko karibu.

Tukitazama nyuma tunaona kamba moja inayopita katika historia yote hii. Wazee waliaminiana kwa neno tupu. Hofu ikaja ikaikata kamba hiyo. Katekista, mkunga na sista wakaanza kuisuka upya, uzi kwa uzi. Vijiji vikatukusanya bila kutuunganisha. Kisha Kanisa likatuambia tukae chini pamoja na Neno la Mungu, nyumbani kwa mmoja wetu, ili Kristo aingie mahali ambapo hofu ilikuwa imekaa. Katika Matendo ya Mitume 2:46 tunasoma kwamba Wakristo wa kwanza walimega mkate nyumba kwa nyumba. Hawakufanya hivyo kwa kukosa jengo tu. Nyumba ndipo mtu anapojulikana alivyo.

Kwa hiyo, mwanetu mpendwa uliyeuliza swali, jibu letu ni hili. Kanisani tunakwenda kupokea Mwili wa Kristo, na hakuna kinachoweza kuchukua nafasi hiyo. Hapa uani tunakuja kuona kama tumempokea kweli. Tunakaa karibu na banda la kuku kwa sababu kuku hao ni ada ya mtoto wa mwenye nyumba, na ukikaa hapa utajua siku watakapokuwa wameuzwa. Ukijua hilo, utajua cha kufanya. Bibi zako hawakuwa na nafasi hii. Wengine walilala na hofu ya kumfungulia jirani mlango. Wewe umekaribishwa ndani, ukapewa kiti.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni nani katika nyumba zinazotuzunguka hajaonekana kwa mwezi mmoja sasa? Nani kati yetu amemtembelea bila kitabu cha michango?

2. Je, katika jumuiya yetu yupo mzee anayeogopwa au kusemwa vibaya? Tumefanya nini ili akae katikati yetu kwa amani?

3. Wenzi wangapi wanatamani Sakramenti ya Ndoa na wanazuiwa na gharama ya sherehe? Tunaweza kuwasaidiaje?

4. Akina baba, Jumamosi ijayo tutakuwa wapi?